Liache Gari Lipumzike

Jumatatu, 3 Agosti

Leo nimepata akili. Kwangu jambo hili hutokea mara chache, kwa hiyo naandika kabla haijapoa.

Kampuni ya bima imetangaza. Mafuta yamepanda, watu wameacha magari nyumbani, ajali zimepungua, na kampuni inaona haya kula pesa ya bure. (Maneno yao. Mimi ningekula.) Atakayeendesha chini ya kilomita mia moja mwezi huu wote atarudishiwa sehemu ya bima yake. Unapiga picha ya mita ya kilomita mwanzo wa mwezi, unapiga nyingine mwisho wa mwezi, unatuma, basi. Chini kuna maandishi madogo. Sikuyasoma. Maandishi madogo ni ya watu wenye wasiwasi.

Picha! Mimi ndiye wa kuambiwa nipige picha? Mimi mwenye studio, mpiga picha za pasipoti, za vitambulisho na za maharusi? Watu huingia kwangu na chunusi wakatoka na uso laini kama yai!

Nimeipiga mita ya gari langu. Kioo chake kina ufa, kutoka upande mmoja hadi wa pili, tangu siku nilipopakia stendi ya taa kichwa chini. Ufa ulinikera. Nikaufuta kwenye kompyuta, nikang'arisha na tarakimu kidogo. Imetoka mita ya gari jipya kabisa. Nimetuma. Kazi haitoki kwangu ikiwa na kasoro.

Pesa ikija nanunua vifuniko vya ngozi vya viti. Bwana Nidhamu atakoma.

Bwana Nidhamu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mwalimu mkuu mstaafu. Tumempa jina hilo kwa sababu kwake kila kitu ni nidhamu: kufagia nidhamu, kupiga mswaki nidhamu, kukaa kimya nidhamu. Ana gari dogo la kijivu lisilo na mkwaruzo hata mmoja. Naye amejiandikisha kwa marejesho, kampuni ni hiyo hiyo. Jioni aliniambia juu ya ukuta kwamba kuliacha gari ni jambo rahisi kwa mtu mwenye nidhamu. Alipofika kwenye neno hilo alinitazama mimi.

Tutaonana.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda studio kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa. Mimi nimetumia saa nzima, ukijumlisha na kukaa kwenye jiwe.

Bwana Nidhamu alinipita karibu na mashine ya kusaga. Ana miaka sabini na kitu! Mwavuli kwapani, mgongo wima. Akaniuliza kama naumwa. Nikajibu kwamba natazama mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa mtaro. Aliutazama mtaro, akanitazama mimi, akaenda zake. Baadaye nilimwona anarudi kutoka sokoni na vitunguu, mimi bado sijafika.

Kiatu cha kushoto kimenitoa lengelenge. Mke wangu ameuliza kwa nini siendi na gari. Nimemwambia kuhusu marejesho, lakini sikutaja vifuniko vya ngozi. Amesema ni jambo zuri, tutaweka bati jikoni panapovuja.

Nimeitikia. Kuitikia si kuahidi.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku mbaya. Aibu tupu.

Gari lilikuwa limejaa vumbi, nikataka kulipeleka kuoshwa pale mwisho wa mtaa. Lakini kilomita! Ndipo nikapata wazo: tulisukume. Injini imezimwa, mita nayo itajuaje? Nikamwita fundi viatu, nikamwita muuza mkaa, wakaja na wanaume wengine wa kijiweni. Mimi nikashika usukani. Tukalisukuma mtaa mzima. Watu walitoka madukani kutazama. Kila mmoja alinipa pole, na mimi nikazipokea zote, maana ningesema nini? Kwamba gari ni zima nalitembeza tu kama mbuzi?

Tulipofika nikachungulia mita. Imesogea! Kumbe haihesabu mafuta, inahesabu magurudumu! Na nyumbani tulikuwa bado hatujarudi. Tukalisukuma tena, kwa kupanda. Muuza mkaa alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye shajara yangu. Nimewanunulia wote chai.

Jioni mtaa mzima unajua kwamba gari la mpiga picha limekufa. Bwana Nidhamu alikuja mlangoni na waya wa kuchaji betri, akauliza kama utasaidia. Nikamshukuru, nikasema tatizo ni la ndani zaidi.

Jumapili, 9 Agosti

Shemeji yangu mkubwa amepiga simu. Anasema Mama anafika Jumatano, na Alhamisi ndiyo siku ya jicho, kama nilivyojitolea.

Kama nilivyojitolea! Nilikuwa nimesahau kabisa.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, kwenye kikao cha ukoo wa mke wangu. Mama Mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ananitambua kwa kikohozi. Hospitali ya macho iko mji wa pili, ng'ambo ya vilima, na foleni yake ni ndefu kama mwaka wa njaa. Wakawa wanajadili nani atampeleka. Nikasimama. Mkono kifuani. Nikasema, "Mama, mimi nipo na gari lipo." Shemeji zangu wakapiga makofi. Mama Mkwe akalia. Nilikula paja la kuku siku ile.

Kwa hiyo hakuna mwingine aliyejipanga. Na Mama asipotokea Alhamisi, anarudi mwisho wa foleni, na daktari alishasema jicho la kulia halina subira tena.

Nimepiga hesabu ya safari. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita mia. Nimepiga tena nikipitia njia ya mkato. Njia ya mkato ni ndefu zaidi.

Kwenye mizani nimeweka jicho la mama mzazi wa mke wangu upande mmoja, na vifuniko vya ngozi upande wa pili. Sitaandika mizani ililala wapi. Naandika tu kwamba mtaa mzima unajua gari langu limekufa, na mimi si mtu wa kuubishia mtaa mzima.

Jumatano, 12 Agosti

Mama Mkwe amefika. Nimemwambia mara tu alipokaa, kabla hajanywa maji, ili niondokane nalo. Nikasema gasketi imeungua. Sijui vizuri gasketi inakaa wapi, lakini ni neno linalowahuzunisha watu.

Nilitarajia lawama. Lawama nimezizoea. Badala yake akaomba ashikwe mkono apelekwe kwenye gari. Akapapasa mpaka akaipata boneti, akaweka kiganja kama unavyompima mtoto homa. Akasema lina baridi, maskini. Kisha akaliombea! Alisimama pale juani, macho meupe yameelekea upande usio na mtu, akamwomba Mungu alirudishie nguvu gari la mwanawe. Akanipa pole. Akasema nisijilaumu, hata mwili huchoka, sembuse chuma.

Kisha akafungua mkoba wake. Ameniletea zawadi. Mto wa kiti cha dereva, amefuma kwa mkono wake. Miezi yote hii, kwa kupapasa, bila kuona uzi. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Akasema ni ili mgongo usiniume siku ya kumpeleka.

Nimekwenda chooni, nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Mke wangu aliwapigia kaka zake. Mmoja yuko safarini, mwingine hana gari, wa tatu akauliza si kulikuwa na mtu aliyejitolea? Wakaamua watapanda basi la alfajiri. Lakini kurudi je? Jicho limetoka kupasuliwa, basi limejaa, barabara ya vumbi? Mke wangu alikuwa anauliza hivyo uani, kwa sauti ya kukaribia kulia. Mimi nikakohoa.

Kichwa cha Bwana Nidhamu kikatokea juu ya ukuta. Aliomba radhi kwa kusikia. Akauliza miadi ni saa ngapi. Akasema saa kumi na moja alfajiri atakuwa mlangoni.

Nilimfuata pembeni. Nikamkumbusha kilomita zake. Kwa wema tu! Nikamwambia safari hii inafuta marejesho yake yote, siku zote hizi za kutembea na vitunguu zimekwenda na maji. Akasema anajua, hesabu alishaipiga pale pale ukutani. Hakusema neno nidhamu. Ningefurahi kama angelisema.

Alhamisi, 13 Agosti

Wamekwenda. Nimetazama kwa upenyo wa pazia. Bwana Nidhamu alitandika shuka safi kiti cha nyuma, akaweka mito miwili, akamshika Mama Mkwe mkono kama anabeba mayai. Mke wangu akapanda naye. Aliniuliza kama siendi. Nikasema nibaki, huenda fundi wa gasketi akapita.

Hakupita. Hayupo.

Siku nzima studioni nilikuwa napiga picha za watu wakiwa wamefumba macho. Watatu wamenirudishia.

Walirudi jioni, pole pole, taa zimewashwa mapema. Bwana Nidhamu alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali kutwa nzima. Mama Mkwe alishuka na bandeji, amechoka, na swali lake la kwanza lilikuwa kama gari langu limepata nafuu. Nikamwambia hali yake haijabadilika. Katika siku mbili hizi, ndiyo kweli pekee niliyosema.

Jumamosi, 15 Agosti

Bandeji imefunguliwa pale zahanati. Anaona!

Sijui niandikeje. Alimtazama mke wangu muda mrefu, akamshika mashavu, wakalia wote wawili. Kisha akanitazama mimi. Akasema kumbe mkwe wake ameota mvi, na kwamba nina uso wa mtu mwema. Nilitazama viatu vyangu. Lengelenge limepona.

Sasa anaona kila kitu. Anasoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai kwa sauti. Ameona utando wa buibui juu ya kabati, amemwona panya ambaye sisi tulikuwa hatumjui. Kaka zake mke wangu wamepiga simu kumshukuru Bwana Nidhamu mmoja mmoja. Simu zilipita kwangu, maana yeye hana simu ya maana. Nilikuwa namshikia simu huku anashukuriwa.

Ijumaa, 21 Agosti

Mama Mkwe anabaki kwetu mpaka jicho la pili lipate tarehe. Amechagua mahali pa kukaa. Barazani. Kiti kimeelekea gari.

Anasema analilinda. Kila asubuhi analifuta vumbi kwa kitambaa, analisemesha. Mimi nina hofu nyingine: betri. Gari lisipowashwa wiki mbili tatu litakufa kweli, na sitaki kuwa mtu aliyeugua ugonjwa aliousingizia. Leo alipoingia kuoga nikaruka, nikawasha, nikahesabu mpaka ishirini, nikazima. Akatoka na sabuni sikioni kuuliza ni nini kimenguruma. Nikasema lori la mchanga limepita.

Akasema Mungu awabariki wenye magari mazima. Nikaitikia amina!

Jumatatu, 31 Agosti

Nimemaliza! Nimepiga picha ya pili. Mita haijasogea hata kilomita kumi, na hizo zenyewe ni za kusukumwa kwenda na kurudi kule kuoshwa.

Nilipiga haraka haraka, maana Mama Mkwe alikuwa barazani na ilinibidi nijifanye naitafuta gasketi chini ya usukani. Akaniuliza kama ndiko inakokaa. Nikasema hukaa popote. Sikupata nafasi ya kuisafisha picha, nimeituma hivyo hivyo, ufa na vumbi na nusu ya kidole changu. Kama msanii nimeumia.

Bwana Nidhamu hakutuma kitu. Nilimwona anapalilia maua yake tu, na tukasalimiana.

Alhamisi, 3 Septemba

Wamepiga simu kutoka bima. Wanasema picha zangu hazifanani. Ya kwanza ni mita mpya, inang'aa, haina ufa. Ya pili ni mita kuukuu yenye ufa. Wanauliza kwa adabu sana kama nina magari mawili.

Sanaa yangu imenichongea! Wangapi wametoka studioni kwangu hawafanani na nyuso zao, na hakuna aliyewahi kupigiwa simu?

Mkaguzi anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 5 Septemba

Naandika kwa sababu nisipoandika nitalazimika kuzungumza na mtu.

Mkaguzi alikuja saa nne. Binti mdogo, buti kubwa, tochi mkononi. Alitazama mita, akatazama picha ya kwanza, akaniuliza ufa ulikwenda wapi ile tarehe tatu. Nikamweleza kazi yangu. Nikasema mkono wangu hauwezi kuacha kasoro kwenye picha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba siku nyingine kasoro niziache mahali pake. Akalinganisha namba za chesisi. Ni lile lile. Akasoma kilomita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilishaanza kunusa ngozi.

Ndipo akauliza kama kuna mtu wa kushuhudia kwamba gari lilikuwa hapa mwezi mzima. Swali la kawaida tu, akasema.

Mama Mkwe akainuka barazani.

Aliinuka kwa heshima zote. Akajiweka sawa nguo. Akasema yeye ni shahidi, kwa jicho lake hili alilopewa. Akasema gari hili halijatoka hata mara moja, limekufa, gasketi imeungua, hata siku yake ya hospitali mkwe wake alishindwa kumpeleka. Akaeleza jinsi nilivyoumia. Akasema mtoto wa watu alikuwa hawezi hata kuinua uso. Alinitetea kuliko wakili wa kulipwa.

Mkaguzi akafunga faili. Akasema samahani sana, gari bovu halina marejesho. Ipo kwenye maandishi madogo. Bima inamrudishia aliyejizuia kuendesha, siyo aliyezuiwa na ubovu.

Mama Mkwe akashika mdomo. Alidhani ameniponza! Akaja akanishika mkono, akasema nimsamehe, hakujua, alitaka kunisaidia. Aliniomba msamaha. Yeye. Mimi. Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria. Kichwa cha Bwana Nidhamu kilikuwa juu ya ukuta.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Najua mtu mwenye haya angefanya nini. Angesema ahsante binti, nenda salama. Pesa zingepotea, na Mama Mkwe angebaki na mkwe mwenye uso wa mtu mwema. Nilifikiri sana. Nilifikiri kufumba na kufumbua.

Nikaingia. Nikakalia ule mto. Nikawasha.

Liliwaka mara moja! Siku za baridi hulibembeleza nusu saa, leo kugusa tu. Likanguruma mpaka kuku wakaruka. Mkaguzi akafungua faili tena, akatia tiki, akasema kila kitu kiko sawa, marejesho yatafika. Akaaga. Hakuna aliyemjibu isipokuwa mimi, na nilimjibu kwa kuchangamka, sijui kwa nini.

Sikuzima. Niliogopa kimya kitakachofuata.

Mama Mkwe akalisogelea gari. Akaweka kiganja kwenye boneti, pale pale alipokiweka siku ile. Akasema lina joto. Kisha akainua macho akanitazama kupitia kioo cha mbele. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu anayerudia kusoma barua aone kama aliisoma sawa mara ya kwanza. Jicho ni zima kabisa. Daktari yule ni fundi.

Akarudi barazani. Akageuza kiti, kikaelekea ukuta, akakaa.

Jumatatu, 7 Septemba

Mke wangu ananikaribisha chakula kwa adabu. Anasema karibu. Anasema ahsante. Anauliza kama chumvi imetosha. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuogopa hivi.

Nilijaribu kueleza. Nikasema marejesho yalikuwa ya bati la jikoni, ya familia. Akauliza mbona kwenye droo kuna picha ya vifuniko vya viti imekatwa gazetini. Nikasema hiyo ni ya mteja. Akasema ahsante, akaondoa sahani.

Mama Mkwe hujibu salamu yangu vizuri tu. Bado ananiita mwanangu. Ila haulizi tena hali ya gari.

Ijumaa, 18 Septemba

Marejesho yamefika.

Nilikwenda kuchukua kwa miguu. Ni kidogo. Ni kidogo mno! Nilimuuliza karani kama ni sehemu ya kwanza. Akasema ni yote. Kwa hesabu za dukani, ngozi yake ingefunika kiti cha mtoto mchanga, tena bila mgongo.

Nikaamua. Nimpe Bwana Nidhamu! Alipoteza zake kwa ajili ya mkwe wangu, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikazitia kwenye bahasha, nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri, nikajisikia mtu mpya. Nilitembea mgongo wima. Nilifikiria na maneno ya kusema, mafupi, ya kiume.

Duka la vipuri liko njiani. Mimi sikupanga mahali pa duka. Walikuwa na zulia la miguuni, jeusi, lenye pindo jekundu. La dereva tu, la abiria halipo.

Bahasha nimempelekea ikiwa na shukrani zangu za maandishi. Alisoma yote kwa makini, akasahihisha mahali pawili kwa kalamu, akanirudishia ili nijifunze. Akaniuliza Mama anaendeleaje na matone ya jicho, na kama ameanza kusoma usiku, maana asichoshe jicho. Anajua majina ya dawa zake zote. Mimi siyajui.

Alhamisi, 1 Oktoba

Tarehe ya jicho la kushoto imetoka. Ni katikati ya mwezi huu.

Mke wangu alitangaza wakati wa chai. Nikaweka kikombe chini. Huu ndio wakati, nikajiambia. Nikasimama, mkono kifuani. Kabla sijafungua kinywa, Mama Mkwe akaniambia nikae ninywe chai yangu, itapoa. Alishazungumza na Bwana Nidhamu. Wamepanga saa na kila kitu. "Wewe usihangaike, mwanangu," akasema. "Liache gari lipumzike."

Alisema bila ukali hata kidogo. Akanisogezea sukari.

Nimeona haya. Ninaandika wazi: nimeona haya mpaka masikio yamewaka. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze na kikombe changu. Nimekwenda kukaa ndani ya gari, juu ya ule mto wenye upande mrefu, miguu kwenye zulia jipya, na nimeapa. Mimi ndiye nitakayempeleka. Nitaamka saa kumi. Nitatandika shuka. Nitakaa kwenye benchi kutwa. Bwana Nidhamu atatazama kwa upenyo wa pazia, na Mama atajua kwamba nina uso wa mtu mwema.

Nilikuwa bado garini simu ilipolia. Ujumbe wa bima. Wanaendelea na marejesho mwezi huu wa Oktoba, na aliyefuzu mara ya kwanza ataongezewa kidogo.

Nimeufikiria ujumbe huu kwa upande wa familia. Mama ameshapanga na mtu. Si vizuri kumvunjia mtu mzima mpango wake. Na mimi nikiapa huwa sitaji mwezi.

La abiria nalo watakuwa wameleta, lile zulia.

Nimeingia kuchukua kamera. Mama Mkwe alikuwa barazani, akaniona napita nayo, akaniona narudi. Nimepiga picha ya mita safi kabisa, mwanga mzuri, kidole hakimo. Nikaifungua kwenye kompyuta nione kama imekaa sawa. Imekaa sawa, isipokuwa ule ufa.

Ulinikera. Nimeufuta.